Mwongozo kamili: Kumpata daktari wa mbwa na paka kabla ya dharura, na kupanga gharama za mwaka mzima

Simu huja saa nne usiku. Mbwa anatapika tangu asubuhi, sasa anaharisha damu, na mwenye mbwa anauliza kama kuna daktari yeyote karibu na Kimara. Kwa saa hiyo anayepatikana ni yule "anayechoma sindano" ng'ombe wa mtaa wa pili. Atakuja na alichonacho: dawa ya ng'ombe, na bei ya usiku.

Wengi hukwama hapohapo. Daktari anatafutwa mnyama akiwa ameshalala chini, na hela haijatengwa. Hatua zilizo hapa chini zinaanza mnyama akiwa mzima. Zimeandikwa kwa mfugaji wa mbwa au paka aliye Tanzania, hasa mjini. Aliye Kenya atabadilisha majina ya ofisi, mengine yanabaki yaleyale.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari dogo, au bahasha ya kutunzia kadi ya chanjo na risiti.
- Mizani ya kusimama. Ya jirani inatosha, ni kazi ya dakika tano.
- Kwa mbwa: mkanda wa shingoni na kamba imara. Kwa paka: tenga la kuku lenye mfuniko, lililotandikwa kanga kuukuu ndani. Paka asibebwe mikononi ndani ya bajaji. Honi moja tu na ameshapotea.
- Bendeji au kitambaa kirefu cha kumfunga mbwa mdomo anapochomwa sindano.
- Simu yenye salio, na hela ya kumwona daktari mara moja pamoja na nauli ya kwenda na kurudi.

Dawa usinunue bado, hata ya minyoo. Sababu iko Hatua ya 1.

## Hatua ya 1: Mpime uzito

Panda mizani peke yako, andika namba. Mbebe mbwa, panda tena, andika namba ya pili. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Kama wewe una kilo 68 na mkiwa wawili mizani inasoma 81, mbwa wako ana kilo 13. Asiyebebeka mkadirie kwa sasa. Kliniki nyingi zina mizani ya chini.

Kwa nini tuanze na uzito? Kwa sababu karibu kila bei utakayotajiwa inatokana nao. Vidonge vingi vya minyoo vya mbwa ni kidonge 1 kwa kilo 10. Mbwa wa kilo 30 anameza vitatu kwa mara moja, na akipewa kila baada ya miezi mitatu ni vidonge 12 kwa mwaka. Kambwa ka kilo 8 kanamaliza mwaka kwa vinne. Nusu kaputi ya upasuaji nayo hupimwa kwa kilo. Anayekwambia "kuhasi ni shilingi fulani" bila kuuliza ukubwa wa mbwa hajakupa bei bado.

Chini ya uzito andika umri, jinsia, kama amehasiwa, chanjo alizopata na tarehe zake, na anachokula. Kama hujui, andika "sijui". Kwa daktari hilo nalo ni jibu, na ni bora kuliko la kubuni.

Umefanikiwa ukiwa na mistari mitano au sita unayoweza kuisoma kwenye simu bila kujikanyaga.

## Hatua ya 2: Kusanya majina matatu

Jina moja halitoshi. Daktari naye husafiri, huugua, huzima simu.

Pa kwanza pa kuuliza ni ofisi ya mifugo ya halmashauri yako, au afisa mifugo wa kata. Watu huwasahau maafisa hawa wakidhani kazi yao ni ng'ombe tu, ilhali wao ndio wanaojua nani amefungua kliniki wapi, na ndio wanaotangaza siku za chanjo ya kichaa cha mbwa.

Pa pili ni wafugaji wenzako, ila swali libadilishe. "Unamjua daktari mzuri?" hukuletea sifa. Uliza: "Mbwa wako alipougua mara ya mwisho, nani alikuja, alifanya nini, na ulilipa ngapi?" Hapo utasikia habari kamili.

Pa tatu ni duka la dawa za mifugo. Muuzaji humjua daktari anayenunua chanjo za mbwa mara kwa mara, na jina hilo ndilo unalolifuata kwake. Usimwachie atibu kutoka kaunta. Duka linauza dawa; ugonjwa wa mbwa wako halijauona.

Aliye Morogoro au karibu ana bahati ya ziada: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinafundisha udaktari wa mifugo na kina hospitali ya wanyama ya kufundishia. Kwa Nairobi, mahali pa namna hiyo ni Kabete, kwenye kitivo cha veterinari cha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Umefanikiwa ukiwa na namba tatu, moja ikiwa ya kliniki yenye jengo na angalau moja ya mtu anayekubali kuja nyumbani.

## Hatua ya 3: Jua unayeongea naye ni nani

Mtaani kila anayeshika bomba la sindano huitwa "dokta". Sheria haisemi hivyo. Chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, Baraza la Veterinari Tanzania ndilo linalosajili madaktari wa wanyama, na linawatambua kwa daraja tofauti wataalamu wasaidizi. Daktari amesoma shahada, miaka mitano. Mtaalamu msaidizi ana astashahada au stashahada, na hutakiwa kufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Kenya kazi hiyo ni ya Bodi ya Veterinari.

Msaidizi si tapeli. Kwa chanjo na dawa za minyoo anafaa kabisa, na mara nyingi ndiye aliye karibu. Tatizo linaanza anapokubali kumpasua mbwa wako kibarazani.

Kwa hiyo uliza kwa adabu, lakini uliza: "Samahani daktari, umesajiliwa na Baraza? Naomba namba yako ya usajili niiweke kwenye kadi ya mbwa." Aliyesajiliwa ataitaja bila kununa. Ukitaka uhakika, iulizie Baraza lenyewe au ofisi ya mifugo ya halmashauri.

Tahadhari: anayejibu "wewe unanipima?" mshukuru, piga namba inayofuata.

## Hatua ya 4: Piga simu ya bei

Hatua hii ndiyo inayorukwa na ndiyo yenye faida kubwa, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Piga mchana, siku ya kazi, saa ambayo daktari hana haraka. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Habari za kazi, daktari. Nina mbwa jike, miezi minane, kilo 13, hajahasiwa. Niko Mbagala. Si mgonjwa, nataka kupanga gharama zake za mwaka. Naweza kukuuliza bei chache?"

Sentensi ya "si mgonjwa" inafungua milango. Daktari aliyezoea kupigiwa na watu wanaolia atashangaa, halafu atakaa akueleze. Sasa uliza kwa mpangilio huu:

1. Ada ya kumwona mnyama kliniki ni ngapi? Nyumbani je, na nauli inahesabiwaje?
2. Chanjo ya kichaa cha mbwa, na ile ya mchanganyiko inayokinga parvo na distempa (magonjwa ya virusi yanayoua hasa watoto wa mbwa), kila moja ni ngapi?
3. Kumhasi jike wa kilo 13 ni ngapi, na bei hiyo ina nini ndani yake?
4. Mbwa wa parvo akilazwa kwa dripu, siku moja ni ngapi?
5. Usiku na Jumapili unapatikana? Kama hupatikani, unamwelekeza mtu kwa nani?
6. Hela ikipungua siku ya dharura, mnapokea kwa awamu?

Swali la tatu ndilo la kung'ang'ania. Bei ya kuhasi inaweza kuwa na nusu kaputi, nyuzi, dawa ya maumivu, antibayotiki na kutoa nyuzi baada ya siku 10 hadi 14. Au inaweza kuwa ni kupasua na kushona tu, mengine yakaja kama "nyongeza" mbwa akiwa ameshalala mezani. Kliniki mbili zenye tofauti ya elfu arobaini kwenye simu zinaweza kulingana kabisa ukishahesabu vyote.

Swali la tano linampima daktari kuliko bei. Si lazima awe macho usiku kucha. Naye ana watoto. Lakini anayesema "nikikosekana mpigie fulani" ameshafikiria jambo hilo kabla yako.

Umefanikiwa ukiwa na safu tatu za bei kwenye daftari, moja kwa kila namba. Usichague wa bei ya chini moja kwa moja. Chagua aliyejibu maswali yote sita.

## Hatua ya 5: Mpeleke akiwa mzima

Ziara ya kwanza iwe ya chanjo au ya kumkagua tu. Mnyama anajua harufu ya mahali, daktari anamjua mnyama akiwa na afya, na wewe unaona kazi inavyofanyika.

Angalia chanjo inatoka wapi. Chanjo hizi hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo inatakiwa itoke kwenye friji, au kwenye deli lenye barafu kama daktari amekuja nyumbani. Ikitoka mfuko wa suruali, kataa. Chanjo iliyopikika na jua haitamdhuru mbwa, ila haitamkinga, na wewe utatembea mwaka mzima ukidhani amekingwa.

Chanjo ya mchanganyiko kwa kawaida huja kwa vichupa viwili, kimoja kina unga mkavu chini kama chumvi iliyogandana, kingine kina maji. Daktari huvichanganya mbele yako, anatikisa taratibu mpaka unga uyeyuke, ndipo anavuta. Akimaliza hubandua stika ya kichupa na kuibandika kwenye kadi, anaandika tarehe, anasaini na kugonga muhuri. Stika hiyo ina namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Kadi yenye "amechanjwa" kwa kalamu tu haitakusaidia siku mbwa wako amemng'ata mtu na polisi wanataka ushahidi.

Halafu mtazame daktari mwenyewe. Amempima joto? Mbwa mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.2 hivi, juu ya binadamu, kwa hiyo "mwili wa moto" ukimshika kwa mkono si kipimo. Ameinua mdomo kuangalia fizi? Fizi za rangi ya waridi ni nzuri. Nyeupe kama karatasi ni dalili ya kupungukiwa damu, na huku kwetu wa kwanza kushukiwa ni kupe. Amepapasa tumbo, amesikiliza moyo?

Tahadhari: mbwa anayetapika au anayehema kwa shida asifungwe mdomo kwa kitambaa.

Umefanikiwa ukitoka na kadi yenye stika, tarehe ya kurudi, risiti, na namba ya daktari uliyoiweka kwenye simu kwa jina linaloanza na "A" ili hata dada wa kazi aione haraka.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya mwaka

Gawa ukurasa mara mbili.

Mwaka wa kwanza una gharama zisizojirudia. Mtoto wa mbwa huanza chanjo ya mchanganyiko akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudia kila baada ya wiki chache mpaka afike wiki 16. Ni sindano tatu au zaidi. Kichaa cha mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu. Minyoo hupewa dawa mara nyingi zaidi utotoni, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Kuhasi hufuata kuanzia miezi sita hivi. Umri hasa atakuambia daktari kulingana na ukubwa wa mbwa. Paka ana ratiba inayofanana, chanjo zake tu ndizo tofauti. Usikubali paka achomwe chanjo ya mchanganyiko ya mbwa.

Kila mwaka baada ya hapo:

- Kichaa cha mbwa, mara 1.
- Marudio ya chanjo ya mchanganyiko, kwa tarehe iliyo kwenye kadi.
- Dawa ya minyoo, mara 4.
- Kinga ya kupe na viroboto, mara 12. Dar haina msimu wa kupumzika kupe, na kupe wa mbwa hujificha kwenye nyufa za ukuta na banda, kwa hiyo weka na hela ya kupulizia banda.
- Kumwona daktari mara 1 bila ugonjwa.
- Nauli ya zote hizo. Watu huisahau, halafu ndiyo inayowafanya waahirishe chanjo.

Zidisha kila kimoja kwa bei ulizopata Hatua ya 4, jumlisha, gawanya kwa 12. Kwa mfano tu: jumla ikiwa 300,000, ni 25,000 kwa mwezi. Namba hiyo ndiyo bei halisi ya kufuga, juu ya dagaa, utumbo na unga ambao unanunua tayari. Ikikutisha, heri ikutishe sasa kabla hujaleta wa pili.

Kinga ya kupe ndiyo huwa inavimbisha jumla. Wengi wakifika hapo huanza kuikata, na ni kosa, maana ugonjwa mmoja wa kupe kwa mbwa mkubwa hula kinga ya miezi mingi.

## Hatua ya 7: Weka akiba ya dharura, na iwe na lengo

"Nitaweka kidogo kidogo" haina mwisho, kwa hiyo haianzi. Chukua bei mbili kutoka kwenye daftari: siku tano za dripu, na upasuaji mmoja. Iliyo kubwa ndiyo lengo lako.

Hela hiyo isikae pamoja na ya matumizi. Kibubu kinafaa kama huna tabia ya kukipasua. Akaunti ya akiba ya kwenye simu ni bora, kwa sababu saa nne usiku utamlipa daktari palepale. Weka siku mshahara unapoingia, kabla ya kodi ya nyumba kuuliza.

Ukianza leo na ugonjwa ukaja mwezi ujao, hutakuwa umefika. Ndiyo maana tuliuliza habari ya awamu. Mteja mwenye kadi, risiti za nyuma na historia ya kulipa husikilizwa. Mgeni wa usiku huambiwa alete taslimu.

## Hatua ya 8: Bandika karatasi ya dharura

Karatasi moja, nyuma ya mlango wa jikoni: namba tatu, uzito wa mnyama, na orodha ya mambo yasiyosubiri asubuhi.

- Kuharisha damu na kutapika, hasa mtoto wa mbwa.
- Paka dume anachuchumaa kukojoa na mkojo hautoki. Hili huua ndani ya siku chache, na watu hudhani amefunga choo.
- Tumbo limevimba ghafla, mbwa anajaribu kutapika na hakitoki kitu.
- Jike anasukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa na mtoto hatoki.
- Degedege, udenda na kutetemeka: fikiria sumu.

Kwenye sumu, usimnyweshe maziwa wala mafuta kwa nguvu. Mnyama anayetetemeka huyavuta yakaingia mapafuni, na sasa una magonjwa mawili. Chukua pakiti ya dawa ya panya au ya kunguni uende nayo. Daktari akiisoma anajua aanzie wapi.

Na mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa udenda na kushindwa kumeza, huenda ana kichaa cha mbwa: usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa. Mfungie ndani, piga simu. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mkwaruzo ni mdogo.

## Pa kubana matumizi, na pasipobanwa

Panapobanika vizuri kuliko pote ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mara nyingi huja kwenye chupa ya dozi 10, na ikishafunguliwa haiwekwi wiki nzima. Daktari aliyeitwa kwa mbwa mmoja anahesabu na hasara ya dozi tisa. Wakusanyeni mbwa na paka wa mtaa siku moja, mgawane nauli, bei itashuka yenyewe. Na kabla ya hapo, uliza halmashauri: karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huchanja bure au kwa ada ndogo.

Kuhasi nako hupunguza gharama za mbele. Jike aliyehasiwa hapati usaha wa kizazi, na mbwa asiyezurura kutafuta wenza hupungukiwa na nafasi ya kuambukizwa uvimbe wa sehemu za siri, ule unaowasumbua sana mbwa wa mitaani.

Pasipobanwa ni dawa za "kujaribu". Panadol kidogo tu humuua paka. Diklofenaki ya binadamu hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ikimwagiwa mbwa bila kupimwa kwa lita humpeleka kaburini, na dawa ya kupe iliyoandikwa "kwa mbwa" yenye permethrini isimguse paka hata tone. Baadhi ya sindano za ng'ombe, diminazini ikiwemo, zina nafasi finyu sana kati ya dozi inayomtibu mbwa na inayomuua. Huo si mchezo wa kukadiria uzito kwa macho.

## Kama uko mbali na daktari

Wilaya nyingi hazina kliniki ya mbwa na paka. Anza na afisa mifugo wa kata kwa chanjo na minyoo, na uwe na daktari mmoja wa mjini anayekubali kushauriana kwa simu na huyo afisa. Mtumie video ya sekunde 30 ya mnyama akitembea, picha ya fizi mchana kwenye mwanga wa jua, picha ya kinyesi, na uzito. Mwambie na joto kama kipimajoto kipo. Cha kawaida cha dukani kinatosha, hupimwa kwenye njia ya haja kubwa kikiwa kimepakwa mafuta ya mgando, na kiandikwe "MBWA" kwa kalamu isiyofutika kabla hakijarudi kabatini.